Karata za Dirisha Namba Sita

Wapo wabishi watakaosema kwamba Jamhuri ya Utulivu haipo duniani, na ramani ziko upande wao. Sisi hatugombani na ramani. Tunachojua ni kwamba nchini humo hapajatokea tatizo hata moja tangu Mtukufu Mlezi wa Taifa ashike madaraka, miaka thelathini na moja iliyopita. Yametokea mambo yanayoshughulikiwa tu, nayo hadi leo yanashughulikiwa.

Humo ndimo alimoishi Mishi Ndaro, mwanamke wa miaka arobaini na miwili, ambaye kazi yake ilikuwa kuchora fomu.

Ukiisikia kazi hiyo unaweza kucheka. Utulivu hawacheki. Mishi alikuwa mwajiriwa wa Kiwanda cha Chapa cha Serikali, chumba cha nyuma, penye meza ya kioo na rula ndefu kama mkono, na kila mstari ambao raia aliandika jina lake juu yake ulikuwa umepita kwake kwanza. Ndiye aliyechora Fomu 88, ya kuombea fomu. Ndiye aliyebuni kile kisanduku kilichoandikwa "Kwa Matumizi ya Ofisi Tu", ambacho ofisi haijakitumia hata siku moja, na kwa kisanduku hicho alivishwa nishani.

Lakini kuchora fomu hakumpi mtu njia ya mkato. Mama yake, Bi Kae, alikuwa na mtoto wa jicho katika jicho la kushoto. Daktari alisema ni kazi ya nusu saa: unalala, unatolewa, unakwenda nyumbani kunywa uji. Ila hospitali za Utulivu haziruhusiwi kugusa kiungo cha raia bila Barua ya Kuthibitisha Kiungo, na barua hiyo hutolewa mahali pamoja tu nchi nzima, napo ni dirisha namba sita katika Jumba la Huduma ya Haraka. Bi Kae alikuwa kwenye foleni ya dirisha namba sita mwaka wa nne sasa. Jicho la kulia nalo, kwa kuona mwenzake hashughulikiwi, lilikuwa limeanza kuingia ukungu.

"Leo wamesemaje, Mama?" Mishi alimuuliza jioni moja.

"Wamesema vizuri tu. Mhusika yuko kwenye kikao."

"Na jana?"

"Jana mhusika alikuwepo. Kikao ndicho kilichokosekana, ikabidi atoke akakitafute."

Bi Kae alisema hayo huku akiimimina chai pembeni ya kikombe, na wala hakujua kwamba inamwagika. Mishi akaifuta meza. Siku ya pili akaomba likizo yake ya mwaka, akaenda kukaa na mama yake kwenye foleni.

Alichokiona huko kilimtesa kuliko alivyotazamia. Watu mia tatu walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki, kila mmoja akiitazama shingo ya aliye mbele yake. Hawakuongea. Maneno yao yalikuwa yamekwisha mwaka wa pili. Basi kesho yake Mishi akaja na vipande vya manila vilivyobaki mashineni kule kiwandani, akavikata saizi ya kiganja, akaviandika kwa kalamu nene, herufi kubwa kama dole gumba ili mama yake azione.

"Tucheze karata, Mama."

"Karata gani hizi? Hazina hata shupaza."

"Hizi ni za hapa hapa."

Kila mchezaji ni raia mwenye shida, akaeleza. Wa kwanza kukusanya Fomu, Saini na Muhuri amehudumiwa, amekwenda zake nyumbani, ameshinda. Wenzake wanamzuia kwa karata za Njoo Kesho, Mhusika Katoka, Mtandao Uko Chini na Faili Halionekani.

Mchezaji wa tatu alikuwa fundi cherehani aliyekaa mbele yao, jina lake Shekue, mtu mzima wa miaka hamsini aliyekuwa akifuatilia cheti cha kuzaliwa, kwa sababu daftari la serikali lilionyesha kwamba bado hajazaliwa. Walianza saa mbili asubuhi. Hadi saa nane mchana hapakuwa na aliyepata hata Saini.

"Dada Mishi," Shekue akasema, akizitupa karata zake, "huu si mchezo. Hii ni foleni yenyewe, na foleni ninayo tayari."

Mishi alikwenda nyumbani na maneno hayo yakimchoma. Akapunguza Njoo Kesho kutoka kumi na nane hadi nane. Akaongeza karata ya Chai, na hapo akakosea upande wa pili, kwani aliyeishika Chai alishinda kabla wenzake hawajamaliza kupanga karata mkononi. Shekue aliipata mara nne mfululizo, akatangaza kwamba sasa mchezo umekamilika na usiguswe tena. Mishi akaugusa. Chai mpya haikuleta Muhuri. Ilileta Ahadi, na Ahadi ilikaa mezani mizunguko mitatu kisha ikafutwa.

"Hapo umepatia," alisema mama mmoja aliyekuwa akichungulia kwa nyuma. "Hapo mtu anajisikia nyumbani."

Mwisho akatunga karata ambayo watu waliipenda kuliko zote: Unanijua Mimi Ni Nani? Ukiitupa unawaruka wote waliokutangulia. Lakini mchezaji wa pili akiwa nayo pia, mnarudishwa nyote wawili mwisho wa mstari. Bi Kae aliipiga kitini kwa kofi na kuitamka kwa sauti ya mkuu wa wilaya, na foleni nzima ikaangua kicheko. Wiki ya pili ilipoisha, dirisha lilipofungwa na walinzi kuanza kufagia watu, yule mama aliyekuwa akichungulia alikataa kuinuka.

"Niacheni kwanza," alisema. "Nimeshika Fomu na Saini."

Mishi alisimama kando akiwatazama. Miaka kumi na tisa alichora makaratasi ambayo watu waliyashika kwa hofu na kuyajaza kwa nakala tatu. Leo, kwa mara ya kwanza, watu walikuwa wanagombania kitu kilichotoka mkononi mwake. Akataka kichapwe vizuri, kwenye karatasi ngumu, ndani ya boksi, na pembeni ya boksi, kwa herufi ndogo tu, jina lake. Hakuona kama ni tamaa kubwa.

Mwenye mashine ya kuchapa mjini alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kibali kiko wapi.

Kibali cha mchezo hutolewa na Mamlaka ya Burudani za Kukaa. Burudani za kusimama ziko ghorofa ya juu. Mkurugenzi wa Mamlaka, Dokta Eliakimu Mapambo, alimpokea Mishi akiwa na jopo la wataalamu sita, na alizungumza dakika arobaini kabla ya kuuliza amekuja na nini.

"Serikali haichezi, mama," alisema Dokta Mapambo. "Serikali ikikaa, inakaa kwa malengo. Ikinyanyuka, inanyanyuka kwa mkakati. Kwa hiyo nikitazama hizi karata sitazami karata. Natazama mustakabali. Haya, gawa."

Mishi akagawa. Alikuwa na hakika kwamba wakishaona Faili Halionekani watamwita askari. Wakacheza duru ya kwanza kimya, nyuso zimekunjamana. Dokta Mapambo akaweka karata zake chini.

"Una kosa kubwa la kitaalamu," alisema.

"Niambie, Mheshimiwa."

"Mwananchi wa mzee Kombe, mjumbe wetu huyu, amehudumiwa siku hiyo hiyo. Umeona wapi?"

Jopo zima likatikisa kichwa. Mjumbe mmoja aliongeza kwamba katika uzoefu wake Saini haiwezi kutangulia Muhuri isipokuwa wakati wa uchaguzi. Mwingine alitaka lugha irekebishwe, maana Njoo Kesho inaudhi. Iwe Karibu Tena Kesho. Faili Halionekani nayo iwe Faili Limepumzika. Mishi akayaandika yote. Hakuna hata mmoja aliyeuliza ni nani anayechekwa. Waliuona mchezo kama mtu anavyoiona picha ya ukutani kwao: wakaulizana tu kama fremu imekaa sawa.

"Basi kibali nikipitie lini?" Mishi akauliza.

"Tuachie karata tuzichunguze," alisema Dokta Mapambo.

Walizichunguza wiki saba. Walizichunguza kuanzia asubuhi hadi saa ya kutoka, milango imefungwa, na waliokuja kuombea vibali vya bao na drafti waliambiwa kwamba wataalamu wako kwenye utafiti. Kila Jumatatu Mishi alipanda ngazi. Jumatatu ya saba alimkuta Dokta Mapambo ameshika karata tano, miwani imeshuka puani.

"Mheshimiwa, nimekuja kwa ajili ya kibali."

Dokta Mapambo hakuinua macho. Alichomoa karata moja, akaiweka mbele yake taratibu. Ilikuwa Karibu Tena Kesho. Jopo likapiga makofi.

Kibali kilipotoka hatimaye kilikuwa na sharti moja. Ilionekana haifai mchezo wa taifa usiwe na Mtukufu ndani yake. Iongezwe Karata ya Mtukufu, inayokula karata zote. Tena, kwa heshima, isiwekwe chini ya karata nyingine, isishikwe kwa mkono wa kushoto, na isichangwe pamoja na karata za kawaida.

"Mheshimiwa, karata isipochangwa, kila mtu atajua iliko," alisema Mishi.

"Ndiyo. Itakuwa juu."

"Na anayegawiwa wa kwanza ndiye ataipata, ndiye atashinda."

"Sasa unaanza kuelewa utawala," alisema Dokta Mapambo.

Kazi ya kupanga karata hizo kwa ajili ya uchapaji ikaletwa Kiwanda cha Chapa cha Serikali, chumba cha nyuma, kwa Mishi mwenyewe. Karata ya Mtukufu ilitakiwa ibebe vyeo vyake vyote, navyo vilikuwa ishirini na sita, kwa hiyo herufi zikawa ndogo kama sisimizi. Kisha ukaja waraka kwamba haiwezekani karata nyingine ziwe na herufi kubwa kuliko za Mtukufu. Mishi akazipunguza zote. Alipofikia boksi, akakuta maneno yamekwisha kuandikwa na wakubwa: "Mchezo wa Utulivu. Umebuniwa na Dkt. E. Mapambo."

Aliyasoma mara tatu. Kisha akachukua rula, akayanyoosha vizuri katikati ya boksi, kwa sababu ndiyo kazi aliyoijua, na hakumwambia mtu yeyote isipokuwa Shekue.

"Jina lako liko wapi?" Shekue aliuliza akiligeuzageuza lile boksi.

"Nyuma."

"Nyuma hakuna kitu."

"Ndiyo hapo hapo," Mishi akajibu.

Uzinduzi ulifanyika Ukumbi wa Taifa, ukirushwa moja kwa moja na redio na runinga. Ilipangwa kwamba Mtukufu mwenyewe acheze duru moja na mwananchi wa kawaida. Wizara ilimtafuta Mtulivu Bora wa mwaka, ikapekua madaftari, ikagundua kwamba yuko mwanamke aliyehudhuria dirisha namba sita siku nyingi kuliko karani wa dirisha lenyewe. Ndivyo Bi Kae alivyokuja kuchukuliwa kwa gari, akavishwa kitambaa kipya cha kichwa, akakalishwa kwenye meza yenye maua. Dokta Mapambo alimpa maelekezo sikioni: Mtukufu ataitoa karata yake, wewe utainamisha kichwa, utasema "Nimehudumiwa", basi.

"Sawa, mwanangu," alisema Bi Kae. "Lakini hizi karata mbona hazijaandikwa?"

"Zimeandikwa, Bibi."

"Haya."

Mishi alikuwa mstari wa tatu. Alimwona mama yake akizisogeza karata hadi puani, akizigeuza kwenye mwanga, na akajua kwamba haoni chochote. Alitaka kunyanyuka. Mlinzi akamtazama, Mishi akabaki kitini.

Mtukufu akaitoa karata yake. Ukumbi ukasimama ukapiga makofi, ukaketi. Bi Kae, ambaye kwa makelele yale hakuwa amejua nani ametupa nini, alifanya kile alichozoea kufanya kwenye foleni zamu yake inapofika: alichomoa karata akaipiga mezani, juu kabisa ya ile ya Mtukufu. Na mshereheshaji, ambaye kazi yake ilikuwa kusoma kila karata kwenye kipaza sauti, akaisoma kabla hajafikiri.

"Karibu Tena Kesho!"

Feni za darini zikasikika ukumbi mzima.

"Nani?" Mtukufu akauliza. "Mimi?"

"Wewe, mwanangu," alisema Bi Kae, akiielekea sauti. "Si karata imekuangukia wewe? Njoo kesho, saa tatu asubuhi. Na uje na nakala mbili."

Mtu mmoja huko nyuma akacheka, akajiziba mdomo, akashindwa. Akacheka wa pili. Kisha ukumbi mzima ukaangua kicheko, mawaziri kwa walinzi, na mshereheshaji akaegemea kipaza sauti chake machozi yakimtoka. Mishi peke yake hakucheka. Alikuwa akiutazama uso wa Mtukufu. Ulikuwa uso wa mtu aliyeambiwa neno la lugha ya kigeni. Miaka thelathini na moja hakuna aliyewahi kumwambia mtu huyo kesho.

"Nitakuja," alisema Mtukufu, akaondoka.

Kicheko kikakatika kama redio iliyozimwa. Hakuna aliyejua kama lile lilikuwa tishio au mzaha, na katika Utulivu mtu asiyejua huanza kupaka rangi. Alasiri ile ile dirisha namba sita lilipakwa rangi. Pakatandikwa zulia. Na kwa kuwa haifai Mtukufu kukuta foleni, ikaamuliwa foleni imalizwe. Mhusika alitafutwa akapatikana. Ikagundulika kwamba wahusika walikuwa watatu, na mmoja wao alifariki mwaka juzi bila mtu kuona tofauti.

Saa tatu asubuhi Mtukufu hakutokea. Lilikuja neno kutoka Ikulu kwamba atakuja kesho. Kesho yake likaja neno lile lile. Basi kila siku makarani walikaa vitini wamevaa tai, mihuri mikononi, macho mlangoni, na kwa kuwa walikuwa wamekaa pale kwa woga wakawa wanawahudumia watu. Siku ya tatu Shekue alipata cheti chake cha kuzaliwa, kilichoandikwa tarehe ya siku hiyo hiyo, akaambiwa apeleke kadi ya chanjo. Siku ya nne Bi Kae alipata barua. Mishi aliisoma barazani, akaisoma tena, akatafuta kosa. Ilisema jicho, ilisema kushoto.

"Nini unasoma muda wote huo?" Bi Kae akauliza.

"Hakuna kitu, Mama. Twende hospitali kabla hawajaamka."

Ilikuwa kweli kazi ya nusu saa. Miaka minne, nusu saa. Mishi alikaa kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji na huko ndiko alikolia, kwa hasira zaidi kuliko furaha, hadi muuguzi akaja kumuuliza kama amefiwa.

Hali ile ya hatari ilidumu siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili Wizara iliunda Kamati ya Kitaifa ya Kumsubiri Mtukufu, yenye wajumbe tisa, kazi yao kukaa kwenye zulia na kusubiri kwa niaba ya makarani. Makarani wakashukuru, wakarudi kwenye kikao.

Kisha mchezo ukapigwa marufuku. Tangazo lilisema unawajengea wananchi matarajio ya kumaliza. Dokta Mapambo aliitwa Ikulu aeleze, na mtu huyo, ambaye jina lake lilikuwa kwenye maboksi laki mbili, alikiri kwa ujasiri mkubwa kwamba dhamiri haimruhusu kuendelea kujipatia sifa za mwenzake. Alipandishwa cheo kwa uaminifu. Asubuhi yake Gazeti la Serikali lilitoka na maneno ukurasa wa mbele: "Mchezo uliobuniwa, kutungwa na kuandaliwa na Mishi Ndaro peke yake."

Mishi alinunua gazeti, akakikata kipande hicho kwa rula na wembe, pembe zote nyuzi tisini, akakiweka ndani ya kabati.

Wakamwandikia barua ya kumfukuza kazi. Lakini kufukuza kunahitaji fomu, na fomu hiyo ilikuwa haijawahi kuchorwa, na aliyejua kuchora fomu alikuwa ni yeye. Aliombwa aichore. Anaishughulikia. Kabla ya hiyo wakamletea ya haraka zaidi, Fomu 412, ya Kurejesha Mchezo Uliopigwa Marufuku, ambayo kila mwenye boksi alitakiwa kuijaza na kuiwasilisha, pamoja na karata zote, dirisha namba sita.

Maboksi laki mbili, dirisha moja. Foleni ilijaza Jumba la Huduma ya Haraka, ikashuka ngazi, ikauzunguka uwanja wa gwaride, ikapita hospitali. Mhusika alikuwa kwenye kikao. Watu walikaa siku nzima na maboksi yao mapajani, wakaangaliana, wakayafungua. Wengine walizigeuza zile karata upande wa nyuma, ulioachwa mweupe, wakaziandika upya kwa kalamu nene.

Mishi alipopita saa ya chakula alimkuta mama yake karibu na ngazi, boksi mapajani, akiwa na Shekue na wengine wawili. Askari mmoja mrefu alikuwa amewasimamia kwa rungu.

"Mnajua kwamba hiki kitu ni marufuku?" alisema askari.

"Tunajua, afande," alijibu Bi Kae. "Ndiyo maana tumekuja kukirudisha. Wewe unasubiri nini?"

Askari akatazama kushoto, akatazama kulia. Foleni ilikuwa imenyooka mbele na nyuma kadiri jicho linavyofika, na bosi wake alikuwa mbali sana, akicheza. Akaweka rungu chini, akakaa. Shekue akamgawia.

Wakazunguka duru tatu. Katika ya nne askari aliinama kama anayefunga kamba ya kiatu, akakaa sawa, akatangaza kwamba ana Fomu, Saini na Muhuri, amehudumiwa.

Bi Kae hakugusa karata. Alimtazama askari kwa jicho lake la kushoto, taratibu, kuanzia kofia hadi viatu.

"Afande," alisema, "nyanyuka kidogo. Toa hiyo uliyoikalia."